KITI CHA MFALME NA NYUMBA YA BWANA

Masomo: Ezra 4:24 mpaka 6:15, Hagai 1, Zekaria 4:6-10 na 8:16-17

 

Katika fundisho hili tunataka kusema juu ya jambo moja linalotesa makanisa mengi ya inchi yetu, na zaidi yale yaliyozaliwa kwa mikono ya manabii. Jambo hilo ni ubishi juu ya kiti. Mtumishi mkubwa analala usingizi wa mauti. Machozi hayajakauka, matanga hayajaisha, na tayari watu wanaulizana pembeni: nani atakaa pahali pake? Mmoja anasema ni mtoto wa kwanza. Mwingine anasema ni ndugu yake. Mwingine anasema ni yule aliyebeba Biblia yake kwa miaka mingi. Halafu barua zinaanza kutembea parokia kwa parokia, na siku hizi ujumbe wa simu unatembea mbio kuliko barua. Mwishoni kanisa moja lina makufuli mawili juu ya mlango mmoja, na waamini wanasimama nje katika jua.

Hatutaanza na kesi ya mtu yeyote wa leo. Tutakwenda mbali, katika ufalme wa Uajemi wa zamani, zaidi ya miaka 500 mbele ya Yesu Kristo. Tunakwenda mbali kwa sababu kule hatuna mjomba wala shemeji wa kumtetea, na mtu asiye na mjomba ndani ya kesi anaona vizuri.

1. Koreshi na watoto wake wawili

Wote tunalijua jina la Koreshi, mfalme wa Uajemi. Alishika mji wa Babeli mwaka 539 mbele ya Yesu Kristo. Kitabu cha Ezra kinatuambia kwamba Mungu aliamsha roho yake, akatoa ruhusa Wayahudi warudi Yerusalemu kujenga tena nyumba ya Bwana. Akatoa na vyombo vya hekalu ambavyo Nebukadneza alikuwa amevichukua, jumla yake 5,400. Watu waliorudi, pasipo kuhesabu watumishi wao, walikuwa 42,360. Walijenga madhabahu, wakaweka msingi, wakalia na kuimba siku ile moja. Lakini adui wakawavunja moyo, na kazi ikasimama.

Koreshi alikufa mwaka 530. Aliacha watoto wanaume wawili: Cambyses, ndiye mkubwa, na Bardiya, ndiye mdogo. Cambyses akakaa kwenye kiti cha baba yake. Mwaka 525 akaishinda Misri, akabaki kule muda mrefu pamoja na jeshi. Kati ya watu waliokuwa naye Misri alikuwamo kijana mmoja mkubwa wa ukoo, jina lake Dario mwana wa Vishtaspa, mbeba mkuki wa mfalme. Jina la Dario mulishike vizuri, tutalikuta tena katika Biblia.

2. Siri iliyozaa mwongo

Katika inchi ya Irani ya leo, karibu na mji wa Kermanshah, kuna mlima wa mawe unaoitwa Behistun. Juu kwenye mwamba Dario alichonga sanamu yake na maneno mengi katika lugha tatu, Kiajemi cha kale, Kielami na Kibabeli, ili kueleza namna alivyopata ufalme. Habari yake ni hii.

Dario anasema kwamba Cambyses, mbele ya kwenda Misri, alimwua ndugu yake Bardiya kwa siri, na watu hawakujua. Wakati mfalme alikuwa mbali, uongo ukaongezeka katika inchi. Mwezi wa 3 wa mwaka 522, mtu mmoja wa kabila la makuhani, jina lake Gaumata, akasimama na kusema: mimi ndiye Bardiya, mwana wa Koreshi. Watu wakamfuata, kwa sababu kwao Bardiya alikuwa mzima. Mwezi wa 7 akashika ufalme wote. Cambyses akafa katika mwaka huo huo, pasipo kurudi kwenye kiti chake. Ndipo Dario pamoja na wanaume sita wakamwingilia yule mtu katika ngome ya inchi ya Umedi, mwezi wa 9, wakamwua. Dario akawa mfalme.

Herodotus, mwandishi wa Wayunani aliyeishi katika karne iliyofuata, alieleza mambo hayo pia. Anasema kwamba yule mfalme wa miezi michache aliwasamehe watu kodi na kazi ya jeshi kwa miaka mitatu, na alipouawa watu wa Asia walimlilia, isipokuwa Waajemi wenyewe. Mutazame vizuri jambo hilo. Dario anamwita mwongo na mnyang'anyi aliyechukua mashamba, mifugo na nyumba za watu. Watu wengine walimlilia kama baba yao.

Ni nani aliyesema kweli? Wenye elimu wanabishana mpaka leo. Wengine wanaamini maneno ya mwamba. Wengine wanasema kwamba mtu aliyeuawa ngomeni alikuwa Bardiya mwenyewe, mwana wa kweli wa Koreshi, na Dario alitunga habari ya Gaumata ili kufunika damu. Tena wanaonyesha jambo lingine: siku Dario alipokuwa mfalme, baba yake Vishtaspa na babu yake Arshama walikuwa bado wazima. Kama kiti kilikuja kwa njia ya ukoo, namna gani kilimruka babu, kikamruka baba, kikaangukia mjukuu? Jambo hilo si maneno ya adui zake. Liko katika maandiko ya jamaa yake mwenyewe ya wakati ule.

Wapendwa, tuchukue somo la kwanza hapa. Hata kama tunamwamini Dario, mzizi wa uovu wote ulikuwa siri ndani ya nyumba ya mkubwa. Ndugu aliuawa na watu hawakuambiwa. Kifo kilichofichwa kikawa kama koti lililosahauliwa njiani, na kila apitaye anaweza kulivaa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Nyumba ya kiongozi inayoficha ugonjwa wake, inayoficha siku ya kufa kwake, inayoficha maneno yake ya mwisho, inafungua mlango kwa kila mwenye sauti kubwa.

3. Wafalme tisa katika mwaka mmoja

Mtu angefikiri kwamba Gaumata alipokufa, mambo yalitulia. Hapana. Dario mwenyewe anahesabu vita 19 alivyopiga na wafalme tisa aliowashika katika mwaka mmoja, Gaumata akiwa wa kwanza wao. Elamu iliasi. Babeli iliasi mara mbili, na kila mara mwasi alijiita Nebukadneza. Umedi iliasi. Armenia na inchi za mashariki zikawaka moto. Na katika Uajemi yenyewe, mtu mwingine, jina lake Vahyazdata, akasimama akasema: mimi ndiye Bardiya, mwana wa Koreshi! Basi Bardiya mmoja amekufa kwa siri, wa pili ameuawa ngomeni, na wa tatu anakusanya jeshi.

Kwenye mwamba wa Behistun wanaonekana mpaka leo. Gaumata amelala chini ya mguu wa Dario, na wengine wamesimama mstari mmoja, mikono nyuma, kamba shingoni. Juu ya wale wafalme tisa imeandikwa kwamba walisema uongo. Yule wa Umedi alikatwa pua, masikio na ulimi, akatobolewa jicho, akafungwa mlangoni pa mfalme ili watu wote wamwone, halafu akatundikwa mtini. Nyuma ya kila mmoja wa wale walikuwako vijana wengi waliokufa wakifikiri wanamtetea mfalme wa kweli. Tembo wakipigana ni nyasi zinazoumia. Mwamba umeandika majina ya tembo. Majina ya nyasi haukuyaandika.

Na wale wanaume sita waliomsaidia Dario? Aliandika majina yao kwenye mwamba, akaagiza wafalme watakaokuja walinde jamaa zao. Wa kwanza katika mstari ule ni yule ambaye Wayunani wanamwita Intaphrenes. Herodotus anasema kwamba siku chache tu baadaye huyo Intaphrenes alikosana na walinzi wa mlango, akawakata pua na masikio, na Dario akaogopa kwamba wale sita wamepatana kumwasi. Akamwua Intaphrenes pamoja na watoto wake na karibu jamaa yake yote. Aliyeingia nyumbani mwa mfalme kwa kisu, kisu kilimfuata mpaka nyumbani mwake. Nyinyi munaopenda kumsaidia mtu apate kiti kwa njia ya giza, mukumbuke jina hilo.

Jambo lingine tena. Maandiko ya Behistun yako juu sana hata mtu akisimama chini hawezi kuyasoma. Lakini Dario alituma nakala kila pahali. Moja ilipatikana Babeli, nyingine Misri katika kisiwa cha Elephantine, ambako Wayahudi walikuwa wakikaa. Aliyeshinda ndiye aliyeandika. Ndiyo sababu tunawaambia waamini: barua yenye mhuri mzuri haitoshi kuwa ushahidi. Upande mmoja ukileta maneno yake, ngojeni, muulize na upande mwingine anasema nini. Mezali 18:17 inatufundisha hivyo: anayesema wa kwanza anaonekana kuwa na haki mpaka mwenzake aje kumchunguza.

4. Wakati ule ule, Yerusalemu

Sasa tufungue nabii Hagai. Mstari wake wa kwanza unatuambia wakati: mwaka wa pili wa mfalme Dario, mwezi wa sita, siku ya kwanza. Ndio mwaka 520 mbele ya Yesu Kristo. Munaelewa, wapendwa? Damu ya vita ile 19 ilikuwa haijakauka. Katika inchi nzima, toka Misri mpaka mashariki, watu walikuwa bado wanaulizana kama Dario ndiye mfalme wa kweli ao ni mwizi wa kiti. Na katika siku hizo hizo neno la Bwana likaja Yerusalemu.

Lilisema nini? Je, Hagai aliwaambia watu nani ni mwana wa kweli wa Koreshi? Hapana. Aliwauliza namna gani wanakaa katika nyumba zilizofunikwa mbao nzuri, na nyumba ya Bwana ni maboma. Aliwaonyesha kwamba wanapanda mengi na kuvuna kidogo, na mshahara wao unaingia katika mfuko uliotoboka. Akawaambia wapande mlimani, walete miti, wajenge. Karibu miaka 16 msingi ulikuwa umekaa pasipo kuta. Siku ya 24 ya mwezi ule ule wakaanza kazi.

Tena mutazame jaribu lililokuwa mbele yao. Liwali wao Zerubabeli alikuwa wa damu ya Daudi, mjukuu wa mfalme Yekonia. Wakati kila inchi ilikuwa inaweka mfalme wake, watu wangeweza kumwambia: Baba, zamu yetu imefika, vaa taji! Na Hagai mwenyewe alitoa neno la heshima kubwa juu yake, kwamba Bwana atamfanya kama pete ya mhuri. Lakini Maandiko hayasemi hata pahali pamoja kwamba Zerubabeli alijivika taji wala kukusanya jeshi. Nabii Zekaria alimwambia kwamba kazi hii haifanyiki kwa nguvu za watu bali kwa Roho wa Bwana, na kwamba mikono yake iliyoweka msingi ndiyo itakayomaliza. Mikono ya Zerubabeli ilipewa kamba ya kupimia ukuta. Wale wengine walishika mikuki. Mikuki yao iko wapi leo?

5. Maulizo ya Tatenai

Mtu mmoja atatuuliza: Shemasi, munataka tunyamaze tu? Mwizi akikaa kwenye kiti, sisi tubebe matofali na kuimba?

Swali hilo ni la haki, na jibu liko katika Ezra sura ya 5 na ya 6. Tatenai, liwali wa ngambo ya Mto, alisikia kwamba Wayahudi wanajenga. Katika mwaka wa mashaka kama ule, kila ujenzi ulionekana kama uasi. Akaja akauliza mambo mawili: nani aliwapa ruhusa, na majina yenu ni nani?

Wazee hawakukimbia. Hawakumtukana. Hawakutafuta fetisha ya kumfunga kinywa. Walijibu waziwazi: sisi ni watumishi wa Mungu wa mbingu na dunia, baba zetu walimkosea Mungu, ndiyo sababu nyumba ilivunjwa, Koreshi alitoa amri ijengwe, mutafute katika maandiko ya mfalme. Munasikia? Hawakuficha hata kosa la baba zao. Tatenai akaandika barua kwa Dario. Walitafuta Babeli, na kitabu kikapatikana Ahmetha katika Umedi. Ndani yake mlikuwa amri ya Koreshi na vipimo vya nyumba, mikono 60 kwenda juu na mikono 60 upana, na kwamba gharama itatoka katika nyumba ya mfalme. Dario akaitii karatasi ile. Mtu yule aliyepata kiti katika ubishi mkubwa hivyo alilazimika kuheshimu neno lililoandikwa wazi na mfalme wa zamani.

Na wakati barua inakwenda na kurudi, safari ya miezi, kazi ilifanya nini? Ezra 5:5 inatuambia kwamba jicho la Mungu lilikuwa juu ya wazee, nao hawakusimamishwa. Nyumba ilimalizika siku ya 3 ya mwezi wa Adari, mwaka wa sita wa Dario, ndio mwaka 515.

Basi hatusemi kwamba kweli haina kazi. Kweli ina kazi kubwa. Zekaria 8 inawaamuru watu waseme kweli kila mtu na jirani yake, na wahukumu kwa kweli na amani katika milango yao. Mulango wa mji ulikuwa pahali pa wazi, machoni pa watu wote. Ugomvi wa Uajemi ulikatwa ngomeni, na kisha miaka 2,500 watu hawajapatana bado nani aliuawa. Ulizo la Yerusalemu lilikatwa kwa majina, mashahidi na maandiko, na hakuna aliyebishana nalo tena. Tofauti ni hiyo.

6. Tufanye nini sisi?

Kwanza, mambo ya kiti yasemwe wakati mwenye kiti yuko mzima. Tusome Hesabu 27. Musa alimwomba Bwana aweke mtu juu ya mkutano, ili wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Halafu alimsimamisha Yoshua mbele ya kuhani Eleazari na mbele ya mkutano wote, akaweka mikono juu yake mchana. Hakumnong'oneza mke wake wala mpwa wake. Hakuna Mwisraeli aliyeamka kesho yake na kusema: mimi ndiye Yoshua. Kusema juu ya mrithi si kumtakia kiongozi kifo. Ni kuwapenda kondoo watakaobaki. Na maandiko ya mikutano, vitabu vya ubatizo na karatasi za kiwanja vikae pahali panapojulikana, na funguo zisiwe kwa mtu mmoja.

Pili, tupime kila roho. Sisi ni watu wa kanisa la kinabii, tunaamini kwamba Mungu anasema katika ndoto na maono, wala hatutaacha kuamini. Lakini kiongozi akilala, mutasikia watu kumi wakisema: Baba alinitokea usiku, akanipa fimbo yake. Mukumbuke Bardiya wa tatu. Jina la marehemu ni rahisi kuvaa, kwa maana mwenyewe hawezi kuamka na kukana. Yohana anatufundisha katika barua yake ya kwanza, sura ya 4, kuzijaribu roho. Tuulize: ndoto hiyo inaleta amani ao inaleta makufuli? Mwenye ndoto anakubali kusimama mbele ya baraza la wazee na kuulizwa? Anayekataa kuulizwa tumwache na ndoto yake.

Tusipime tena kwa kupunguziwa mzigo. Mfalme aliyesamehe kodi miaka mitatu alipendwa sana, lakini kupendwa si ushahidi kwamba alikuwa mwana wa Koreshi. Vilevile mwenye jeshi alishinda, lakini kushinda si ushahidi pia. Atakayekuja kuwaambia: nifuateni, kwangu hakuna zaka, na atakayekuja kuwaambia: nifuateni, niko na askari, wote wawili hawajajibu swali.

Tatu, mikono yetu isiguse damu wala ulozi. Kifo cha mkubwa kikifika, haraka tunasikia: walimloga, ni yule mjane, ni yule ndugu. Mjane anafukuzwa nyumbani na masufuria yake, watoto wanaitwa wachawi. Hiyo ndiyo kazi ya mwamba wa Behistun: kila mtu anaandika juu ya kichwa cha mwenzake neno mwongo. Sisi tusiandike.

Nne, na hii tunaisema kwa uchungu: kazi isisimame. Tunajua parokia ambazo kwaya ilikatika vipande viwili, matofali ya ukuta yakaota majani, na wagonjwa wakakosa mtu wa kuwaombea kwa sababu shemasi wa mtaa alikuwa wa upande mwingine. Tunajua pahali ambapo mtoto alikufa, na waamini wakaulizana kwanza baba yake anafuata nani, ndipo wajue kama watakwenda kwenye matanga. Wapendwa, maiti haina upande. Mtoto yule hakuchagua mfalme. Siku ya hukumu Bwana wetu hatatuuliza tulikuwa wa nani katika ugomvi wa kiti. Matayo 25 inatuonyesha atauliza juu ya njaa, kiu, ugonjwa na gereza. Kesi ya kiti inaweza kuchukua miaka. Tatenai aliandika barua yake, na sisi pia tunaweza kungojea jibu. Lakini ubatizo, kuzika wafu, kutembelea wafungwa na kuwalisha wajane haviwezi kungojea barua.

Kama ni kuuliza inawezekana kanisa kuishi pasipo kiti kuonekana, tujibu kwa habari ya inchi yetu. Mtumishi wa Mungu Simon Kimbangu alianza kazi yake ya hadhara Nkamba katika mwezi wa 4 wa mwaka 1921. Kisha miezi michache akakamatwa, akahukumiwa kufa, na hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa katika gereza la Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mpaka kufa kwake tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Miaka 30! Miaka 30 waamini hawakuwa na kiti cha kukalia, ni gereza tu. Wengi walihamishwa mbali na kwao. Mama Marie Muilu na wenzake wakaendelea kuchunga roho za watu kwa siri, wakiomba usiku, wakifundishana nyimbo kwa sauti ndogo. Kanisa halikufa. Mwaka 1959 serikali ya wakoloni yenyewe ililitambua. Watu waliokosa kiti walishika kazi, na kazi ikawashika. Ni aibu gani, basi, kwetu sisi tulio na uhuru, mabati na viti vya plastiki, tukivunja kwa ugomvi kile ambacho gereza halikuweza kuvunja?

7. Kiti kisicho na ubishi

Mwisho tuinue macho. Waraka kwa Waebrania, sura ya 7, unatufundisha kwamba makuhani wa zamani walikuwa wengi, maana kifo kiliwazuia kudumu. Lakini Yesu anaishi milele, na ukuhani wake haupiti kwa mwingine. Ndiyo sababu kiti chake hakina mrithi. Mwenye kiti hafi tena. Wote tunaowaita viongozi, wakubwa kwa wadogo, ni watumishi wa nyumba yake, na mtumishi akiondoka, mwenye nyumba yuko bado ndani. Kifo cha Bwana wetu hakikufichwa. Alitundikwa juu ya kilima machoni pa watu wote. Kufufuka kwake pia kulikuwa na mashahidi, na Paulo anasema katika 1 Wakorinto 15 kwamba alionekana na ndugu zaidi ya 500 mara moja.

Leo jumba la Dario ni mawe ya kutembelewa na wageni. Wazao wa Koreshi na wazao wa Dario hawana kiti tena. Lakini hekalu lile lililojengwa katika siku za ubishi ndilo lililofungua njia ya ibada iliyodumu mpaka Yusufu na Maria walipomleta mtoto Yesu katika nyumba ya Bwana. Watu wale waliobeba mawe hawakujua wanamtayarishia nani njia.

Kwa hiyo tunawaomba, wapendwa, juma hili mufanye jambo moja. Kama kuna ndugu ambaye hamusalimiani naye kwa ajili ya mambo ya kiti, mwende kwake. Musimwulize yuko upande gani. Mumwulize kama watoto wako wazima. Halafu mumwombe aje siku ya kazi za mikono, tubebe mawe pamoja.

Tuombe. Ee Mungu wa mbingu na dunia, wewe unayeondoa wafalme na kuweka wafalme, linda Kanisa lako wakati wa ubishi. Uwape wakubwa wetu moyo wa kusema kweli wangali wazima. Uwape wazee jibu la wazee wa Yerusalemu. Uwaponye waliofukuzwa, uwafariji wajane waliosingiziwa, na jicho lako liwe juu yetu ili mikono yetu isisimame. Katika jina la Yesu Kristo, Mfalme wa milele. Amina.